Nyuma ya Ukumbi, Kando ya Jenereta

Jumamosi, mwezi wa nne. Mvua tangu alfajiri, ile nyembamba ya kung'ang'ania, na ukungu haujanyanyuka kwenye mashamba ya chai siku nzima. Nimevua gauni langu jipya nimelitundika karibu na moto, linatoa mvuke. Matope yamenifika magotini. Mtu akiniona atadhani nimerudi kulima shamba la kijiji, kumbe nimetoka kwenye muziki.

Yaani, nimetoka nyuma ya muziki.

Ngoja niandike kwa mpangilio, labda kichwa kitapoa. Mume wangu Ambakisye anapiga gitaa la solo katika Majani Mabichi Jazz, bendi ya wafanyakazi wa kiwanda cha chai. Vyombo ni vya kiwanda lakini nyimbo ni zao wenyewe, hawaigi za Dar wala za Zaire. Nimewafuata kila walikopiga tangu hatujaoana: Isongole baada ya mavuno ya viazi, Matwebe juu ya tela la trekta, hata Lupepo siku ile nyaya ziliponyeshewa na mwimbaji akarushwa na shoti. Wengine wanapenda pombe. Mimi napenda kusimama mbele ya spika mpaka kifua kitetemeke, na sioni aibu kuliandika hili.

Leo ilikuwa mara ya mwisho. Shirika moja la Dar lina bendi yake, na limewachukua watatu: Ambakisye, mpiga saksafoni na mpiga tumba. Lori linaondoka kesho asubuhi. Vyombo vinarudishwa stoo ya kiwanda. Mimi nabaki hapa kwa wakwe mpaka apate nyumba ya kuniweka, na habari za nyumba za Dar nimezisikia. Nitasubiri mpaka kuku waote meno.

Lakini si hilo lililoniuma leo. Lililoniuma ni wimbo.

Mwaka jana tulimzika mtoto wetu, Lugano. Aliishi siku nne. Mtoto wa siku nne hapigiwi ngoma, hachinjiwi ng'ombe, watu hawalali msibani. Wanawake watatu na jembe moja, basi, na kesho yake ukaambiwa ukachume chai. Nikatunga wimbo wa beti tatu, Ambakisye akautilia gitaa. Beti mbili za mwanzo ni za mvua na majani, yeyote anaweza kuziimba. Ubeti wa tatu una jina lake. Bendi ilikuwa haijaupiga wimbo huo mbele ya watu hata mara moja, na leo ndiyo siku waliyoniahidi. Nilikuwa nataka jambo moja tu duniani, kulisikia jina la mwanangu likiimbwa hadharani, na ngoma ambazo hakupigiwa.

Halafu Ambakisye akamwalika baba yake.

Kwetu Wanyakyusa, mke hamtazami baba wa mumewe. Ukimsikia njiani unaingia migombani, unajifunika nguo kichwani mpaka apite. Husemi naye, huli mbele yake, hulitaji jina lake, na hata humu kwenye daftari silitaji. Makanisani wengi wameshaacha. Mzee wetu hajaacha, na mama mkwe ndiye mlinzi wa sheria. Nyumba yao na yetu zimetenganishwa na mstari wa migomba, na kwa miaka mitatu nimemjua mkwe wangu kwa kikohozi.

Ambakisye hakufanya kwa ubaya. Mzee amesema siku zote kwamba gitaa ni kazi ya wahuni. Leo, kwa mara ya kwanza, alikubali kuja kumtazama mwanawe. Mtoto wa kiume akipata neno kama hilo kutoka kwa baba yake, ataukumbuka mlango anaomfungia mkewe? Hakuukumbuka. Nami sikujua lolote.

Nilifika mapema, saa nane kasoro, nikashika nafasi yangu mbele. Wimbo wa pili ulipokwisha nikasikia mwenyekiti wa kijiji akimkaribisha mgeni kwa jina, lile lile nisilolitaja, na viti vikisogezwa nyuma yangu. Miguu ilifikiri kabla yangu. Nilijifunika khanga, nikatokea mlango wa nyuma, nikajikuta migombani.

Huko nyuma ndiko walikoweka jenereta, chini ya kibanda cha mabati. Upande mwingine wa ukumbi ni barabara, na barazani walijaa wazee wenzake. Sikuwa na pa kwenda ila pale.

Mama Zuhura alikuwa anauza maandazi chini ya mabati hayo hayo. Ni mke wa fundi cherehani pale sokoni, wazazi wake walitoka Kilwa, na ndiye aliyenishonea gauni kwa ajili ya leo.

"Mwenzangu, umetoka kufanya nini? Si wewe uliyesema utacheza mpaka viatu vichanike?"

Nikamwelekeza kwa macho. Akachungulia mlangoni, akarudi anacheka.

"Mkwe! Nyie Wanyakyusa mna kazi. Sasa atakumeza?"

Ilibidi anipigie kelele sikioni, kwa sababu jenereta lile lilikuwa linanguruma mpaka ardhi inatetemeka. Muziki wote ulikuwa umefia ndani yake. Nilisimama hatua sita kutoka kwa gitaa la mume wangu nisisikie hata uzi mmoja. Nikafikiri kumwomba fundi wa jenereta alizime kidogo tu, nikajicheka mwenyewe. Likizimwa, gitaa linakufa. Likiwaka, mimi ni kiziwi.

Nikaweka kiganja ukutani. Besi niliipata kidogo, kupitia kwenye tope la ukuta.

Mama Zuhura ni mtu mwema. Alikuwa anaingia na kutoka, ananihesabia nyimbo kwa vidole. Kisha akatoka mbio, sahani bado mkononi, akapiga kelele, "Wako! Wanaupiga wako!" Akavua buibui lake pale pale kwenye mvua, akanivisha. "Ingia hivi. Hata malaika hatakutambua."

Nililivaa. Nilifika mlangoni, nikashika komeo.

Nimesoma mpaka darasa la nane. Nafundisha kisomo cha watu wazima, na ubaoni nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba imani za kale zinaturudisha nyuma. Lakini Lugano alipokufa, mama mkwe alisema ni kwa sababu nilikutana na mzee kisimani nikiwa na mimba, na nilichelewa kujifunika. Sikumwamini. Naandika tena: sikumwamini. Ila sasa ni miezi miwili sijaona siku zangu, na hakuna ninayemwambia, hata Ambakisye. Buibui lingemzuia mzee asinijue. Lisingenizuia mimi nisimwone.

Nikaachia komeo. Nikarudi kwenye jenereta.

Sijui nilisimama kwa muda gani. Mama Zuhura hakucheka tena. Alinipa andazi nikalishika tu mpaka likalowa.

Ambakisye amerudi saa kumi na moja, uso wote meno. Nilikuwa nimeshajua nitasema nini. Ningemwambia kwamba sikusikia, angekumbuka ni nani aliyemwalika mzee, na furaha yake ya siku moja ningeiua kwa mkono wangu. Kesho anaondoka. Mwanamume asisafiri na huzuni niliyompakia mimi.

"Uliusikia huko dirishani?" akaniuliza. Aliponikosa mbele, alidhani nilihamia dirishani.

"Niliusikia."

"Wote?"

"Wote."

Akashusha pumzi, akaketi. Akasema alikuwa anaogopa kidogo kunitazama, kwa ajili ya ubeti wa tatu. Kiongozi wa bendi aliwaambia asubuhi kwamba haifai kuleta msiba mbele ya wageni, siku ya kuagana, basi wakautoa. Wakaweka mwingine, wa kilimo. Waliutunga juu ya trekta wakija ukumbini.

"Umeuonaje?"

Nilikuwa nageuza ndizi motoni. Niliendelea kuzigeuza.

"Umekaa vizuri," nikasema.

Akanishika bega, akasema ndaga fijo, asante sana, mke wangu, wewe unaelewa mambo. Kisha akanyanyuka kwenda kumuaga baba yake.

Naandika haraka kabla mwanga haujaisha. Nimejaribu kulia imeshindikana. Ninamkasirikia nani? Mzee hakufanya kosa, alikuja kumsikiliza mwanawe. Kiongozi wa bendi hamjui Lugano. Ambakisye aliniuliza, na mimi kwa mdomo wangu nikamjibu. Mtoto wangu alikuwa na mahali pamoja tu pa kuitwa jina, na nilipoulizwa kama ni sawa aondolewe, nilisema amekaa vizuri.

Nadhani naweza kumwambia kesho kabla lori halijawashwa. Naweza. Lakini nitaanza na lipi, na yeye anaweka mguu kwenye tairi, na watu wanamsubiri?

Subiri. Anaimba.

Yuko kwa mzee, ng'ambo ya migomba. Hana gitaa, anapiga meza kwa vidole. Ni wimbo wangu. Ubeti wa kwanza, mvua, neno kwa neno kama nilivyouandika. Wa pili, majani. Jioni imetulia na jenereta haliko, hata pumzi zake nazipata.

Sasa ni wa tatu. Jembe, mbolea, tuamke mapema ndugu wakulima. Mzee anakohoa, anacheka, anasema, "Huo, mwanangu, huo ndio wimbo. Rudia hapo."

Anarudia.