Kadi Iliyokataliwa na Kompyuta

Chamwino, Dodoma
Jumapili mchana

Mume wangu Baba Neema,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Kifua cha Neema kimepona? Na kahawa mmemaliza kuchuma, au bado mnahangaika na vibarua? Mimi mzima. Huku mvua hakuna, vumbi tunalila pamoja na ugali.

Naandika kwa sababu kwenye simu nilishindwa. Kila ulipouliza, "Vipi, umepata?" nilisingizia chaji. Sikupata uhamisho. Januari siji.

Unamkumbuka Mwalimu Hadija wa huko Mbinga, niliyekubaliana naye tubadilishane vituo, yeye aje kwa mumewe anayefanya kazi wizarani Mtumba, hapa Dodoma, mimi nirudi kwenu. Ilibidi sote wawili tujaze maombi mtandaoni kabla ya saa kumi ya Ijumaa moja, mwezi uliopita. Simu yangu nusu ya kioo haionyeshi kitu. Mtandao wa shule sikutaka kuugusa, maana hapa mwalimu akijulikana anataka kuhama, wanamhesabu ameshaondoka. Sikumwambia mtu. Nikanunua kadi ya intaneti, ile inayofungwa ndani ya kompyuta mpakato na kuwekewa laini, ili nijaze chumbani kwangu kwa siri.

Kadi ya kwanza ilikuwa ndefu, haikuingia. Ya pili iliingia vizuri, nikafurahi kama mjinga. Kuwasha, kompyuta ikaandika kwamba kadi haitambuliki, ikagoma hapo hapo. Ijumaa hiyo asubuhi nikaipeleka kwa fundi mjini. Akaipindua, akacheka.

"Mwalimu, hii inachagua. Inataka kadi ya kampuni yake tu. Lakini niachie, nitaidanganya."

Hakuidanganya. Kufika saa nane ilikuwa haiwaki kabisa, hata kadi ilipotolewa.

Sasa nikuambie ukweli. Jirani na fundi kuna steshenari yenye mtandao, na vyeti vyote nilikuwa navyo mkobani. Nilifika mpaka mlangoni, nikamwona mwalimu mkuu ndani akichapisha mitihani. Nikarudi kwenye benchi la fundi kusubiri atoke. Hadija akapiga simu, nikamwambia bado nahangaika. Saa kumi ikapita, mwalimu mkuu bado yumo. Kompyuta isilaumiwe, ni mimi.

Hadija aliogopa kukosa, dakika za mwisho akajaza na mwalimu mwingine wa Chamwino. Ni Rehema, ninayekaa naye meza moja ofisini. Kumbe naye alikuwa anatafuta kwa siri mwaka mzima, na modemu yake, ile ya kuchomeka tu pembeni mwa kompyuta, iko kwenye droo, sentimita chache kutoka magotini kwangu. Majibu yao yametoka wiki hii, wamekubaliwa.

Nimempongeza. Sikusikia uchungu wowote, wala sijalia. Nasahihisha madaftari, napika, nalala. Ni kama mkono uliokufa ganzi usingizini, naushika na hauniumi. Hilo ndilo linanitisha.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Shemeji, mdogo wako, mpe pole ya mguu. Mama mdogo wa kule mtoni mwambie kitenge chake nimekipata.

Barua hii anakuletea Rehema mwenyewe. Hajui mtu huko, mtafutieni chumba karibu na shule. Na kama watoto walimkimbilia pale alipotokea na mabegi wakidhani ni mimi, usiwakemee.

Mkeo,
Mama Neema