Yai la Mvuke la Somoe

Jumapili, mvua tangu alfajiri. Uani pamejaa maji na bati la jirani linapiga kelele, lakini moyo wangu ni mwepesi kuliko ulivyokuwa wiki nzima. Ngoja niandike sasa hivi, maana nikisimulia kwa mdomo hakuna mwanamume mwenzangu hapa Kariakoo atakayeniamini.

Leo nimepika. Mimi, karani wa ghala bandarini, nimechuchumaa kibarazani mbele ya jiko la mkaa, huku mvua ikinirushia matone mgongoni, nikapika yai.

Mke wangu Somoe ana mimba changa, na hii ni ya pili. Ya kwanza ilitoka mwaka jana, na tangu siku ile hatukuitaja tena. Safari hii kila kinachoingia tumboni kinarudi. Ugali wa unga wa njano ndiyo hataki hata kuuona. Muuguzi wa kliniki alimtazama macho, akamfinya ngozi ya mkono, kisha akaniita pembeni na kuniambia kwamba asipopata cha kumtia nguvu, hii nayo tutaipoteza. Mpe mayai, alisema, ila usimkaangie, mafuta yatamtapisha. Nusura nicheke. Mafuta yenyewe nani anayo? Kwenye duka la ushirika watu wanapanga foleni kusubiri lori ambalo hakuna aliyeliona.

Basi shida yangu haikuwa mafuta. Shida ilikuwa mama mkwe.

Amekuja kutoka Masasi kumuuguza mwanawe, na namshukuru kwa dhati. Anamwogesha, anamkanda miguu, anafua, halalamiki. Lakini kwao, na kwetu pia nisijitoe, mwenye mimba hagusi yai. Akila, mtoto atazaliwa na upara, au njia itafunga asizaliwe kabisa. Nilipomtuma Somoe amweleze maneno ya muuguzi, jibu lilirudi fupi: kama watu wa mjini wanajua zaidi, yeye atamchukua mwanawe akamuuguzie nyumbani. Barabara ya kusini kwa mvua hizi! Basi linakwama kwenye matope, abiria wanashuka kulisukuma. Somoe asingefika na mimba, na sina hakika kama hata yeye mwenyewe angefika hai.

Na kubishana na mama siwezi. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Akiwa chumbani siingii, na kwa kuwa chumba chetu ni kimoja, tangu aje nalala kwenye mkeka ukumbini. Nikiwa na neno, linapitia kwa Somoe au kwa Mama Zaituni, mama mwenye nyumba, Mzaramo ambaye miiko ya watu wa kusini haimhusu.

Juzi nilijaribu yai la kuchemsha kwa siri, wakati mama anaoga. Kiini kilimkwama Somoe kooni, akatapika mpaka machozi yakamtoka. Nilikaa nje nikajiona sina maana.

Ndipo nikakumbuka zamani nilipokuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli. Wale wataalamu wa Kichina walikuwa na yai lao la asubuhi, wanalipika kwa mvuke, bila hata tone la mafuta. Linateleza lenyewe, huhitaji kutafuna.

Mama Zaituni alinipa mayai mawili ya kuku wake na hakuuliza kitu. Unalipiga yai kwenye bakuli kwa uma, unatia chumvi na maji ya vuguvugu, unafunika kwa sahani, kisha unaliketisha bakuli ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka. Kazi iko kwenye moto. La kwanza nililipulizia mkaa kama mtu anayepika maharage, likatoka gumu, lina matundu kama sponji. Nililila mwenyewe nyuma ya pipa la maji, haraka haraka, nisionekane. La pili nikapunguza makaa, nikasubiri. Kusubiri hakujawahi kuwa kipaji changu. Nilipofunua, lilikuwa laini, la njano, likitikisika kama maziwa mgando.

Nilipanga Mama Zaituni amwite mama uani kwa mazungumzo, nami niliingize bakuli upesi. Lakini nani atatoka kwenda uani kwenye mvua ile? Bakuli lilikuwa linapoa. Nikalitua kwenye kizingiti cha chumba, nikakohoa, nikarudi nyuma kumwita Somoe dirishani aje alichukue.

Nilisahau jambo moja. Mama mkwe huonja kila chakula kabla ya mgonjwa.

Kabla sijafika dirishani nikaona mkono wake ukitoka chini ya pazia la mlango na kulivuta bakuli ndani. Nikasikia kijiko. Kikanyamaza. Kikasikika tena.

"Mama Zaituni," akaita, "hiki kitamu hivi ni kitu gani?"

Mama Zaituni angeweza kusema ni uji. Hakusema.

"Yai hilo, dada. Kapika mkweo."

Nilishaona mabegi yanafungwa. Mama akaanza kusema taratibu, akimwambia Mama Zaituni ili nisikie mimi, ndivyo tunavyofanya.

"Mimi nimezika watoto watatu. Na yai sikulionja hata siku moja mpaka leo."

Nikamsikia akimwambia Somoe ainuke, afungue mdomo.

Somoe amelimaliza lote. Adhuhuri imeshaadhiniwa na bado liko tumboni.

Nimelia kidogo, sioni haya kuandika. Wiki nzima nimemkasirikia mama yule moyoni, nikimwona mshamba anayetaka kuniulia mtoto. Sikujiuliza hata mara moja anaogopa nini. Nilidhani hofu ya nyumba hii ni yangu peke yangu, kumbe yeye alikuja nayo kutoka Masasi, na ya kwake ni ya siku nyingi.

Sijui kama mimba hii itakaa. Muuguzi mwenyewe hakuniahidi. Lakini sauti ya Somoe ina nguvu, nimeisikia sasa hivi akiniita dirishani. Anasema mama katoka. Kajitanda kanga, kachukua kikapu, kamuuliza Mama Zaituni njia ya kwenda sokoni. Kaenda kutafuta mayai.

Mama ambaye tangu aje hajavuka mlango wa mbele, kwenye mitaa hii ambayo hata mimi hunichanganya, na mvua haijakatika.

Nimeshavaa viatu. Kuongozana naye siwezi. Nitamfuata kwa nyuma, mbali kiasi asinione, karibu kiasi asinipotee.