Mkono Uliofungwa Kitenge

Wodi ya Watoto, Moshi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini huko Songea mmeamka salama na goti lako limetulia. Mimi mzima, ila nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mjukuu wako alizaliwa salama. Ni msichana wa pili, na huku wa pili hupewa jina la bibi mzaa mama, kwa hiyo jina ni lako. Siku ya nne akashikwa na homa, akakataa ziwa, tukashuka naye kutoka Marangu. Mume wangu yuko mlimani na watalii, nikawa na mama mkwe tu. Hapa wakamtundikia dripu, sindano nyuma ya kiganja, mkono wakaufunga kwenye kipande cha boksi asiutikise.

Jumapili wageni wakaja kutoka kanisani na mtori wa ndizi na maziwa. Mama mkwe akauviringisha ule mkono kwa kitenge, akapiga fundo. Kwao mtoto mchanga haonyeshwi ovyo, sembuse mwenye mipira ya dripu. Mtoto akalia, akalia, mpaka sauti ikakauka. Muuguzi wa zamu alipita mara tatu, akahesabu matone kwenye chupa, akaenda zake. Mkono hakuugusa!

Muuguzi wa jioni, mama mtu mzima, alifungua fundo kabla hata ya salamu. Mkono ulikuwa umevimba kama andazi, umepauka, unang'aa. Dawa ilikuwa inaingia nyamani badala ya mshipani. Akafunga dripu, akavuta kwa bomba la sindano dawa aliyoweza ndipo akaichomoa ile ya mkononi, akachora mstari pembeni ya uvimbe aone kama unaenea, akauinua mkono juu ya kitambaa. Mama mkwe alitaka kuukanda kwa maji moto, akakatazwa. Kisha muuguzi akanigeukia.

"Mkono wenye dripu haufunikwi. Unatazamwa kila saa. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa pale pale, Mama, na bakuli la mtori mkononi. Mkamwana atafunguaje alichofunga mama mkwe mbele ya wageni? Nani alinifundisha hivyo? Siku naondoka uliniambia, ukweni ninyamaze. Nikanyamaza, na ngozi ya mkono wa mwanangu ikafa.

Homa imekwisha. Kidonda kinasafishwa kila asubuhi, kovu litabaki. Vidole vinne vinakunjika, cha mwisho bado. Muuguzi yule aliyehesabu matone nimemwambia yangu mbele ya daktari. Mama mkwe pia nimemwambia, baada ya shikamoo. Amelia sana. Sasa dripu iko mguuni, na kila saa anaufunua mwenyewe, ananiita nitazame.

Nisalimie baba, kaka Festo na shangazi aliyenisuka siku ya harusi.

Jina lako mtoto atalichukua, Mama. Ule ukimya wako sitampa.

Mwanao,
Konsolata