Mche Usioshukuriwa

Sofu, Kibaha

Mama, shikamoo.

Natumaini mguu umeacha kukusumbua katika baridi hiyo ya Njombe. Mimi sijaugua. Ila siku za karibuni nilikuwa na hofu ya kufukuzwa kazi, na sikutaka kukwambia kwa simu kabla sijajua mwisho wake.

Mzee Shabani, mwenye bustani ya maua ninapofanya ukarani, aliniagiza niandike historia ya biashara ya familia yao, ichorwe kwenye ukuta wa mbele. "Mwanzilishi ni marehemu baba yangu," alisema. "Nenda Kisarawe, shangazi atakupa habari zake."

Nilimkuta shangazi huyo, Bi Mwanahawa, akitunga asumini za harusi. Nikamsomea mwanzo niliouandika, kwamba mwanzilishi ni kaka yake. Akacheka.

"Kaka yangu, Mungu amrehemu, alilima mihogo. Alinimegea kipande cha shamba, basi. Maua nimeanza mimi, kwa kupamba maharusi. Huyo Shabani nimemfundisha kupanda bado anatoka kamasi. Haya karani, utaandika lipi?"

Nilikunja karatasi yangu. Anayenilipa mshahara yuko Kibaha.

Wakati wa kuaga alinikatia kijiti cha asumini nikapande. Nilipofungua mdomo kushukuru, akanipiga mkononi. "Mche wa kupewa haushukuriwi, mwanangu. Ukishukuru haushiki."

Niliporudi niliandika alivyosema. Nikaweka karatasi mezani kwa Mzee, na kijiti pembeni, kwa kuwa sikujua pengine pa kukiweka. Alisoma, kisha akashika kijiti.

"Cha shangazi hiki?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulimshukuru?"

"Alinikataza."

"Angekuchapa." Akatoka nacho, akakipanda mwenyewe karibu na lango. Aliporudi, mikono ina udongo, alimwita fundi wa rangi akampa karatasi yangu. Hakufuta neno.

Sasa ukuta umekamilika. Jina la Bi Mwanahawa liko juu. Chini yake, kaka aliyemmegea shamba. Nilitaka kumwambia Mzee asante, nikaona ninyamaze. Kijiti kimeanza kuchipua.

Nisalimie baba mdogo Festo, fundi baiskeli, na dada Rehema na mtoto wake. Bibi mwambie nikija Krismasi nitamletea kijiti chake, ingawa sijui kama kitaiweza baridi. Mweleze mapema asinishukuru.

Mwanao,
Tumaini