Rangi Imeyeyuka, Akinyi Hayupo

Jumatano, Januari 2008. Jua kali, vumbi jingi. Kawangware imetulia kidogo. Watu wanatembea tena, lakini wanatazamana kwanza.

Leo maabara ya chuo imefunguliwa. Nimeenda peke yangu.

Mimi na Akinyi tunachunguza jinsi molekuli kubwa za kaboni zinavyoyeyuka ndani ya kaboni dayoksaidi. Tulichagua karotini, ile inayoipa karoti rangi. Ukiipasha gesi hiyo kupita digrii thelathini na moja na kuibana sana, inaacha kuwa gesi, na kimiminika pia haiwi. Inapenya kama hewa, inayeyusha kama spiriti. Molekuli ndogo hazisumbui. Kubwa kama karotini ni kaidi, mpaka uzidishe shinikizo, gesi isongamane, ndipo ikubali kidogo.

Akinyi alikuwa akisoma geji ya shinikizo, mimi naandika. Leo nimesoma na kuandika mwenyewe. Nimetia ethanoli kidogo, wazo lake la kabla ya Krismasi, nikapandisha shinikizo. Kwenye kidirisha cha kioo kinene, rangi ya njano ikaenea. Haijawahi kukolea hivyo.

Nikageuka kumwita.

Hakukuwa na mtu.

Haya nilikuwa sijamwambia yeyote mpaka jana. Fujo za uchaguzi zilipoanza, Akinyi, aliyekuwa amepanga mtaa wa pili, alinipigia simu. Jina lake la Kijaluo pekee lilitosha kumfukuzisha huku.

"Mwende, naeza kuja kwako?"

"Ngoja kwanza nione vile landlady atasema," nikamjibu.

Sikumuuliza landlady. Niliogopa atanifukuza na mimi. Alfajiri Akinyi akatoka kwa miguu mpaka Makina, kule Kibera, kwa shangazi yake. Chumba chake kilivunjwa siku hiyo hiyo.

Jana ndipo nilipomweleza Mama Njeri, huyo landlady, mwenye ploti yetu hapa Kongo, Kawangware. Akaacha kufua, akanitazama.

"Si ungeniambia? Ile nyumba ya nyuma ilikuwa tupu. Ningemfungia huko na kufuli, nani angejua?"

Nilikosa pa kuweka uso.

Leo kutoka maabara nimepitia Ayany hadi Makina, nimpe Akinyi habari ya rangi. Alisimama mlangoni. Hakunikaribisha ndani. Amekonda.

"Imeyeyuka," nikasema. "Ethanoli ilikuwa sawa."

Macho yake yakawaka kidogo, kisha yakazimika. "Poa. Andika tu jina lako. Mimi huko Kawangware sirudi, na chuo sijui."

"Ni kazi yetu, Aki."

"Ilikuwa."

Akafunga mlango taratibu, bila hasira. Afadhali angeubamiza.

Njia nzima ya kurudi sikusalimiana na mtu.

Nimeandika ripoti ya leo. Juu nimeweka majina mawili, lake kwanza. Lakini najua si jina alilokuwa akingoja pale mlangoni. Nilisimama mbele yake nikazungumzia ethanoli.

Kukipambazuka nitarudi Makina nimwambie ukweli: niliogopa, na woga wangu ameulipia yeye. Asipofungua, nitausemea nje.