Jina la Baba Ubaoni

Dada Selestina,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, na mama goti linamruhusu kufika kanisani. Mimi sijambo, baridi ya huku Amerika nimeshaizoea.

Wiki iliyopita gazeti lilinituma kwenye maabara moja kuandika habari za karatasi ya umeme. Ni utando mwembamba wa mpira, ndani yake vimo vipira vidogo kuliko punje za ulezi, upande mmoja vyeupe, upande wa pili vyeusi. Umeme ukipita vinageuka, maandishi yanatokea. Umeme ukikatwa, yanabaki. Mtaalamu anasema iko siku watu watasoma kitabu kizima kwenye ukurasa mmoja unaojibadilisha.

"Na maandishi ya kwanza yanakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Yanafutika. Huoni hata alama," akasema, anacheka.

Sikucheka. Nilimkumbuka katibu wa kijiji na kitambaa chake chenye maji. Wewe ndiye uliyeniandikia: jina la baba lilikwisha kuandikwa ubaoni na kusomwa mbele ya wote kwamba atatundika mizinga ya nyuki kando ya mto, lakini mimi nilipoondoka tu katibu akalifuta, akaandika la shemeji yake. Baba alipouliza, akajibiwa, "Mzee, uliota. Soma ubao." Waliosikia wote wakanyamaza, na hakuna aliyekuwa amenakili. Sasa baba, kwa umri wake, anatembea siku nzima kufuata nyuki.

Pale maabara ndipo nikakumbuka filamu. Siku ya kusomwa majina nilikuwa na kamera, na katibu mwenyewe alinivuta shati: "Mwandishi, nipige na mimi, nitoke vizuri." Filamu ile niliisahau ndani ya begi. Juzi nimeisafisha. Katibu ametoka vizuri sana: anatabasamu, chaki mkononi, kidole kwenye jina la baba.

Nakala moja ya picha nimempelekea bwana misitu kule Inyonga, mwenye kutoa vibali vya mizinga. Hii niliyoiweka humu usimwonyeshe mtu mpaka bwana misitu atakapokuja mkutanoni na kukaa kitini. Hapo uipigilie ubaoni, misumari minne. Katibu akikufuata jikoni kuomba radhi, usimpokee. Aseme palepale, mbele ya wale walionyamaza.

Wasalimie baba na mama, mumeo na tumbaku yake, na shangazi anayenidai barua. Baba mwambie asiuze mizinga.

Ni mimi mdogo wako,
Anselmi

Katibu akiusogelea ubao, mpishe. Ajaribu kitambaa chake.