Baba, Madaftari Yako ya Mvua Yamepata Pa Kukaa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila salamu, ulinilea vizuri mno kwa hilo. Ni mimi binti yako wa pili, yule uliyemlalamikia kwamba anaikodolea macho kompyuta mpaka chai inapoa. Bado inapoa. Niko Kihonda, natengeneza tovuti za watu, na leo nataka kukusimulia habari za tovuti moja ambayo hakuna aliyeniagiza.

Nakukumbuka na kipimamvua chako kule Matombo, nyuma ya jiko, pale ulipokata migomba mitatu ili isikinge mvua. Mama hakukusamehe ile migomba. Kila siku saa tatu asubuhi ulikwenda na daftari kwapani, ukachuchumaa, ukasoma, ukaandika milimita. Hata siku ya msiba wa bibi ulitoka kimya, ukapima, ukarudi kukaa na waombolezaji. Watu wakakuita Bwana Mvua kwa kukucheka, na wewe ukaitika.

Ulikuwa na sharti moja: ukikosea, hufuti. Unakata mstari mmoja mwembamba ili namba ya kwanza iendelee kusomeka, kisha unaandika iliyo sahihi pembeni pamoja na sababu. Asubuhi moja uliandika mvua kubwa ambayo hakuna jirani aliyeiona. Ukarudi kuangalia, ukamkuta chura amejibana ndani ya chombo. Ukakata namba, ukaandika "chura". Nikakuuliza kwa nini usichane ukurasa uandike upya.

"Nikichana leo," ukasema, "kesho utaniamini vipi?"

Nakumbuka pia siku tuliyoshuka mjini na madaftari yote kwenye mfuko wa sandarusi, ukayapeleka kwenye ofisi moja. Ofisa akafunua kurasa mbili, akasema, "Mzee, kazi nzuri, ila hatuna pa kuyaweka." Hukubishana naye. Njiani ukaniuliza mara moja tu, "Sasa nani atayasoma?" Ukafariki nikiwa bado sijakujibu, na hilo liliniuma kuliko yote.

Baada ya arobaini yako niliyachukua madaftari. Nikachapa daftari moja baada ya jingine na kuyaweka kwenye tovuti yangu, lakini nikayasafisha. Namba ulizokata niliziacha nje, nikabakiza zilizo sahihi tu. Nilidhani ndiyo heshima. Nikamwonyesha mama kwenye simu. Akapitisha kidole taratibu, kisha akaniangalia.

"Huyu ni nani? Baba yako alikuwa anakosea."

Niliona aibu, nikaanza upya. Sisi watengeneza programu tuna maghala ya mtandaoni tunamohifadhi msimbo wetu, yaani maelekezo tunayoiandikia kompyuta, kwenye kompyuta za mbali tusizojua ziliko. Tunayaita repo. Ukibadilisha kitu humo, cha zamani hakipotei. Kinabaki pamoja na tarehe, jina la aliyebadilisha na sababu yake. Miaka yote hiyo nimetumia repo kazini nikijiona nimejifunza jambo la kisasa, kumbe nilishafundishwa nyuma ya jiko la mama.

Nikayaweka madaftari yako humo, kila mwaka na faili lake, makosa kwanza, masahihisho baadaye. Kisha nikaielekeza tovuti isijiwekee nakala yake yenyewe. Mtu akifungua ukurasa, tovuti inakwenda kulichukua faili kule kule kwenye repo na kulionyesha lilivyo wakati huo. Mara ya kwanza namba na alama za mkato zinazozitenganisha zilitawanyika ukurasa mzima kama mchele uliomwagika. Nilihangaika wiki nzima mpaka zikakaa kwenye jedwali, na zile ulizokosea zikiwa zimepigwa mstari mmoja mwembamba. Chura naye yumo.

Anayepima sasa ni mama. Ndiyo, huyo huyo wa migomba. Nimemfundisha kuandika kwenye faili kwa simu yake, na anachokiandika Matombo nakiona hapa Kihonda kabla hajarudi jikoni. Juzi alikosea namba, nikajitolea kumwondolea.

"Iache," akasema. "Nimeshaandika sababu."

Nikafungua kuisoma. Ilikuwa: "Sikuvaa miwani." Nilicheka, baba, halafu nikajikuta nimejaa fahari ambayo sikujua pa kuipeleka. Najivunia mama. Nakujivunia wewe, na jina lako lililo juu ya kila faili nililiandika kwa herufi kubwa kuliko langu.

Wiki iliyopita mkulima mmoja wa Mlali aliniandikia. Alikuwa amepitia vuli zako zote, mwaka kwa mwaka, kabla ya kuamua siku ya kupanda mahindi. Akasema: "Dada, huyu mzee nampata wapi? Nina maswali yangu." Machozi yalinilengalenga. Nikamjibu kwamba umetangulia mbele ya haki, ila aulize tu.

Akauliza. Jibu nimelikuta kwenye daftari lako la tatu.

Pumzika, baba. Kazi yako ina wenyewe sasa.

Binti yako wa pili,
Kihonda, Morogoro